Ziwa lina misimu yake: maswali ambayo wanawake wa Kigoma huuliza kuhusu matiti

Mimi ni muuguzi mkunga, na Kigoma ndiko nilikozeekea kazini. Maswali haya nimeulizwa kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto, kwenye mwalo wa Kibirizi huku dagaa wakianikwa, sokoni Mwanga, na mengine nyumbani kwangu Ujiji baada ya magharibi. Mengi huja mwisho kabisa wa mazungumzo, mama akiwa ameshasimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango: "Halafu, dada, kuna kitu kingine..." Hicho kitu kingine mara nyingi ni titi.

Lugha yetu ina neno moja kwa ziwa la maji na ziwa la mama. Sisi tunaokaa kando ya Tanganyika tunajua kwamba ziwa la alfajiri si la mchana, na la masika si la kiangazi. Mvuvi hashtuki kila maji yanapobadilika rangi, ila siku akiona kitu ambacho hajawahi kukiona anageuza mtumbwi. Natamani kila mwanamke alijue ziwa lake hivyo. Ni kiungo kinachobadilika tangu tuko tumboni hadi uzeeni, na asiyeyajua mabadiliko ya kawaida huhangaika bure miaka thelathini, halafu siku ya hatari yenyewe akanyamaza.

Ndani ya titi kuna nini hasa?

Kuna tezi zinazotengeneza maziwa, mirija inayoyapeleka kwenye chuchu, mafuta, na nyuzi imara zinazolishikilia titi kifuani. Tezi zimegawanyika katika mafungu 15 hadi 20 hivi. Kama umewahi kupukuchua mkungu wa chikichi, picha unayo: punje nyingi zimejazana kwenye vishina vidogo, na vishina vyote vinakutana kwenye kimoja kikubwa. Kwa sababu hiyo titi zima, lisilo na ugonjwa wowote, likipapaswa huwa na vijinundu vijinundu.

Misuli haimo ndani ya titi, iko nyuma yake. Tofauti ya ukubwa kati ya mwanamke huyu na yule hutokana zaidi na mafuta kuliko tezi. Pia sehemu ya tezi hupanda hadi karibu na kwapa, na wengine hawalijui hilo mpaka wajifungue, maziwa yaingie, na kwapa livimbe.

Mwanangu ana siku tano, matiti yamevimba na yanatoa kama maziwa. Mama mkwe anasema niyakamue. Ni kweli?

Usikamue. Homoni zako zilipita kwenye kondo la nyuma zikamfikia mtoto akiwa tumboni, na hizo ndizo zilizoamsha matiti yake. Hutokea kwa wa kike na wa kiume sawasawa, na huisha yenyewe ndani ya wiki chache. Anayekamua huumiza tezi na kufungulia vijidudu mlango. Nimeshapokea kichanga chenye jipu kifuani kwa sababu ya bibi aliyekuwa na nia njema kabisa. Ukiona wekundu, usaha au homa, mlete siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Binti yangu ana miaka tisa na ana kinundu kigumu chini ya chuchu, upande mmoja tu. Kinamuuma. Ni uvimbe?

Ni titi linaanza kuota. Kwa wasichana wengi huanza kati ya miaka 8 na 13, na mara nyingi upande mmoja hutangulia mwingine kwa miezi kadhaa. Kinakuwa kama kitufe, kigumu kidogo, na kikigongwa kinauma sana. Hedhi ya kwanza hufuata baada ya miaka miwili hivi, kwa hiyo mama, huo ndio wakati wa kukaa naye na kumwandaa. Usingoje damu imkute darasani.

Ninalokuomba kwa nguvu zangu zote: kinundu hicho kisikatwe wala kisichanjwe. Ndicho mbegu ya titi lote, na ukikiondoa umeondoa titi ambalo lingekuja. Msichana aone daktari iwapo matiti yameanza kabla ya miaka 8, au iwapo amefika miaka 13 na hakuna dalili yoyote.

Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunakamata wadudu wa majini tunawaweka kwenye chuchu watung'ate ili matiti yaote haraka. Je, yule mdudu anaweza kuwa ametuachia madhara?

Hata mimi nimefanya, dada. Titi huota kwa amri inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye vifuko vya mayai, navyo vikaanza kutoa homoni ya estrojeni. Mdudu hana sehemu katika hilo. Uvimbe tuliouona siku ile ulikuwa wa kuumwa tu, ukapona. Wazazi wa leo wakiona watoto wanafanya hivyo wawakataze kwa upole, maana kidonda cha chuchu kinaweza kuingiwa na uchafu.

Mtoto wangu wa kiume ana miaka 14 na kifua kimevimba kama cha msichana.

Karibu nusu ya wavulana hupitia hilo wakati wa balehe. Kwa wengi huisha ndani ya miaka miwili bila dawa. Wenzake wasimcheke, na wewe usimkemee anapokataa kuvua shati ufukoni.

Titi moja ni kubwa kuliko lingine. Nina ugonjwa?

Hapana, wanawake wengi wako hivyo. Inapotakiwa kuuliza ni pale yaliyokuwa yanalingana yanapoanza kupishana ukubwani.

Kwa nini matiti yanajaa na kuuma wiki moja kabla ya hedhi?

Swali hili napenda kulijibu kwa kirefu, kwa sababu anayelielewa huacha kuogopa mambo mengi.

Mwezi wa mwanamke una nusu mbili. Katika nusu ya kwanza, kuanzia siku damu inapoanza, homoni ya estrojeni hupanda polepole na kuchochea mirija ya maziwa ikue. Yai likishatoka, projesteroni inaingia kazini na kuchochea vile vitezi vyenyewe. Damu nyingi zaidi inaletwa kwenye titi, maji yanabaki kwenye nyama, vitezi vinavimba. Mwili unatandika kitanda kwa ajili ya mgeni. Mgeni asipokuja, homoni zote mbili zinashuka, hedhi inatoka, na titi nalo linatandua: maji yanaondoka, na sehemu ya chembe zilizoongezeka zinakufa na kusafishwa. Siku chache baadaye titi ni laini tena. Mwezi ujao kazi inaanza upya, na hivyo hivyo kwa miaka thelathini au zaidi.

Kwa hiyo maumivu yanayokuja pande zote mbili, yanayopanda hadi kwapani na kuondoka hedhi ikifika, ni ya msimu. Sidiria inayoshika vizuri husaidia, na panado pia. Maumivu peke yake, bila uvimbe wala badiliko jingine, ni nadra kuwa saratani. Maumivu yaliyoganda mahali pamoja, mwezi uende mwezi urudi, hayo njoo tuyaangalie.

Basi nijipapase lini?

Hesabu kuanzia siku ya kwanza ya damu, kisha jipapase kati ya siku ya saba na ya kumi. Hapo titi limetulia. Ukijipapasa siku mbili kabla ya hedhi utakuta vinundu kila mahali na hutalala. Aliyekoma hedhi, au asiyepata kwa sababu ananyonyesha, achague tarehe moja ya mwezi asiyoisahau.

Wengi huku kwetu hawana chumba chao peke yao, kwa hiyo nawaambia bafuni, mkono ukiwa na sabuni. Tumia matumbo ya vidole vitatu, zunguka polepole, titi lote na kwapa. Kisha tafuta kioo uangalie ngozi na chuchu, mikono ikiwa chini na baadaye ikiwa juu. Lengo ni kulizoea titi lako mpaka ulitambue lilivyo likiwa zima, uweze kutambua lililo geni. Hata hivyo mikono yako haichukui nafasi ya mikono ya mtaalamu, na kupimwa matiti unaweza kuomba ukiwa kliniki kwa jambo jingine kabisa.

Nina miaka 21, nimepata kinundu kigumu kinachotelezateleza. Hakiumi. Wenzangu wameshanililia.

Kwa umri wako, kinundu cha mviringo kinachokimbia chini ya vidole mara nyingi ni mkusanyiko wa tezi na nyuzi usio saratani. Huonekana zaidi kati ya miaka 15 na 35, na ukipata mimba kinaweza kuongezeka kwa sababu kinasikia homoni kama titi lenyewe linavyosikia. Lakini neno "mara nyingi" halikutoshi wewe. Kila kinundu kipya kinachobaki baada ya hedhi kuisha kinastahili kupimwa. Kwa msichana wa umri wako kipimo kinachofaa ni ultrasaundi, kwa kuwa titi la ujanani lina tezi nyingi zilizoshikamana, na picha ya eksirei hulionyesha jeupe tupu.

Sindano na vidonge vya uzazi wa mpango vinaharibu matiti?

Vinaweza kuyafanya yajae au yaume, hasa miezi ya mwanzo, kwa sababu ni homoni zile zile. Kwa wengi hutulia. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti aseme mapema, apewe njia isiyo na homoni.

Nikiwa mjamzito titi linabadilika vipi?

Wanawake wengi hupewa habari na titi kabla ya kipimo. Wiki ya nne hadi ya sita linaanza kuwasha, kuuma, kukataa hata khanga kulikaribia. Baadaye mishipa inaonekana chini ya ngozi, duara linalozunguka chuchu linapanuka na kukoleza weusi, na vipele vidogo kwenye duara hilo vinajitokeza. Vipele hivyo msivikamue jamani. Ni tezi za mafuta zinazolainisha chuchu, na zimewekwa pale kwa kazi.

Ndani kunajengwa kiwanda. Mirija inachipua matawi, vitezi vinaongezeka na kuchukua nafasi ya mafuta. Kwa hakika titi la mwanamke halimalizi kukomaa mpaka apate ujauzito. Kuanzia mwezi wa nne hivi linaweza kuanza kutengeneza dang'a, na wengine huona matone kwenye nguo. Asiyeona matone asiwe na wasiwasi. Maziwa yenyewe hayaji bado kwa sababu kondo la nyuma linatoa projesteroni nyingi inayoyazuia, kama komeo mlangoni.

Dang'a ni uchafu? Bibi yangu anasema ya njano yamwagwe kwanza.

Shikamoo bibi, lakini hapa namwomba anisikilize. Yale mazito ya njano ya siku za mwanzo yamejaa kinga ambazo mtoto hawezi kujitengenezea bado. Ni kidogo kwa sababu tumbo la kichanga ni dogo: siku ya kwanza, kijiko cha chai kwa mnyonyo mmoja kinamtosha. Mtoto awekwe kifuani ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa.

Kondo likishatoka, komeo limefunguka. Projesteroni inaanguka, na kati ya siku ya pili na ya nne matiti yanajaa ghafla, yanakuwa mazito na ya moto. Ikiwa maziwa hayajaingia kabisa kufikia siku ya tano, au damu inatoka nyingi isivyo kawaida, rudi ulikojifungulia bila kuchelewa. Wakati mwingine kipande cha kondo kimebaki tumboni, na komeo bado liko mlangoni.

Matiti yangu ni madogo. Maziwa yatamtosha mtoto? Na nile nini ili yaongezeke?

Kumbuka nilivyosema, ukubwa ni mafuta. Maziwa hutoka kwenye tezi, na mwenye matiti madogo huwa nazo za kutosha. Titi dogo linaweza tu kuhifadhi kidogo kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtoto ataomba mara nyingi zaidi. Mpe.

Maziwa huitwa na mdomo wa mtoto. Akinyonya, ubongo wa mama unatoa prolaktini inayotengeneza maziwa, na oksitosini inayobana vitezi ili yatoke. Titi linalotolewa maziwa hutengeneza mengine. Titi linaloachwa limejaa hupunguza kasi lenyewe. Mama anayesema "nimemwongezea uji kidogo maana sina maziwa" mara nyingi ndipo anapoanza kuyapoteza, kwani mtoto aliyeshiba uji hanyonyi, na titi lisiponyonywa linaamini kazi imekwisha. Usiku prolaktini hupanda zaidi, kwa hiyo mnyonyo wa saa nane za usiku, ule unaotuchosha, ndio unaolijenga ziwa. Mtoto wa miezi michache hunywa karibu robo tatu ya lita kwa siku, na hahitaji maji juu yake hata katika joto la Septemba. Maziwa ya mama pekee yanatosha miezi sita. Baada ya hapo chakula kinaanza, na kunyonya kunaendelea hadi miaka miwili au zaidi.

Kuhusu chakula: supu na uji humpa mama nguvu na maji, haviamuru titi. Kwetu tuna bahati ya pekee ambayo wengine hununua dukani kwa chupa. Mawese mekundu yana kiini cha vitamini A kinachoingia kwenye maziwa ya mama, na ukiweka na dagaa na mchicha umemlisha mtoto kupitia kwako. Hofu, usingizi mdogo na maneno makali ndani ya nyumba huzuia maziwa kushuka, maana oksitosini haipendi vitisho. Baba zake watoto, hili nalo linawahusu.

Ni kweli baba akimkaribia mama anayenyonyesha mtoto anabemendwa?

Naijua hofu hii na siwezi kuicheka, kwa sababu nimeona watoto waliodhoofika kweli na mama zao wakanyooshewa vidole.

Tendo la ndoa haligusi maziwa. Hakuna njia ndani ya mwili inayotoa mbegu za mwanamume kwenye kizazi na kuzipeleka kwenye titi. Lakini wazee waliona kitu halisi. Mama akishika mimba nyingine mapema, projesteroni inapanda tena na maziwa hupungua. Kuelekea katikati ya ujauzito yanaanza kugeuka kuwa dang'a kwa ajili ya anayekuja, ladha inabadilika, na wengine hujiachisha wenyewe. Zamani mtoto huyo alihamishiwa kwenye uji mwepesi wa muhogo usio na chochote, akakonda, akavimba miguu, akaharisha. Kilichomdhoofisha ni njaa, ila lawama ilikwenda kitandani kwa wazazi wake.

Kwa hiyo linaloombwa ni nafasi kati ya mtoto na mtoto. Kunyonyesha kwenyewe hukinga mimba kwa asilimia 98 iwapo mambo matatu yapo pamoja: mtoto hajafika miezi sita, hapewi kitu kingine chochote usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Moja likivunjika, tafuta njia nyingine siku hiyo. Na kama mimba imeshaingia, kwa wengi si lazima kumwachisha mtoto. Njoo tuangalie uzito wake na chakula chake. Mama asitengwe wala asitukanwe.

Titi limekuwa jekundu, la moto, na nina homa kama ya malaria.

Endelea kunyonyesha, hata kwenye titi hilo. Maziwa hayatamdhuru mtoto. Weka kitambaa cha maji baridi, meza dawa ya maumivu, pumzika. Usikande kwa nguvu na usilichane kwa kitana, kwa sababu unaumiza nyama iliyokwisha kuvimba. Kama homa ni kali, au hujapata nafuu ndani ya siku moja, unahitaji antibiotiki. Pakianza kubonyea kama kuna maji ndani, hilo ni jipu, litolewe usaha hospitalini.

Neno moja zito hapa. Wekundu usiopona baada ya wiki moja au mbili za dawa, na kinundu kisichoondoka mtoto akishanyonya, vichunguzwe kwa ultrasaundi. Saratani hutokea hata kwa mama anayenyonyesha, na tatizo lake ni kwamba kila mtu, hata sisi wahudumu, husema "ni maziwa hayo".

Nina VVU. Ninyonyeshe?

Ndiyo, ukitumia ARV zako kila siku bila kuruka. Maziwa peke yake miezi sita, kisha chakula na kunyonya. Chuchu ikipasuka au titi likivimba, njoo siku hiyo hiyo.

Kunyonyesha ndiko kunakolaza matiti?

Wasichana wa mjini wananiuliza hili kuliko jingine lolote. Matiti hulala kwa sababu ya umri, mimba moja baada ya nyingine, uzito unaopanda na kushuka, na sigara. Zile nyuzi zinazolishikilia titi hutanuka wakati wa ujauzito, na hilo hutokea hata kwa ambaye hakunyonyesha siku moja. Mtoto hana kosa.

Nimemwachisha mtoto miezi mitatu iliyopita. Titi limekuwa kama mfuko mtupu, na bado matone yanatoka.

Kiwanda kinavunjwa. Chembe zilizokuwa zinatengeneza maziwa hufa na kuondolewa, na mafuta hurudi kujaza nafasi, lakini mafuta huja polepole, kwa miezi. Titi hupata umbo lake jipya, ambalo kwa kawaida si lile la usichana. Matone kidogo miezi kadhaa baada ya kuachisha ni kawaida, hasa ukilibonyeza kila siku kuona kama bado yapo, basi acha kulibonyeza. Yakiendelea zaidi ya nusu mwaka, au hedhi haionekani, au kichwa kinauma na macho yanafifia, homoni ipimwe. Damu kwenye chuchu ni habari nyingine, hiyo haingojwi.

Na shubiri au pilipili kwenye chuchu tuache. Punguza mnyonyo mmoja baada ya mwingine, titi lipate muda wa kufunga kazi bila kuvimba.

Mwanangu wa darasa la sita alienda Gombe na shule. Ameniuliza kwa nini sokwe jike hana matiti mpaka awe na mtoto. Nikakosa jibu.

Mtoto ana macho mazuri! Sokwe mtu huvimba matiti akiwa mjamzito na akinyonyesha, kisha hurudi bapa. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960 na kukaa nao miaka mingi, moja ya mambo aliyoyaona ni jinsi mama sokwe anavyonyonyesha kwa muda mrefu, hadi miaka minne au mitano. Kati ya sokwe na binadamu, mwanamke ndiye pekee ambaye titi lake hujaa tangu balehe na kubaki hivyo hata asiponyonyesha. Kwa nini, wataalamu bado wanabishana. Mwambie akisoma kwa bidii anaweza kulijibu yeye.

Nina miaka 46. Hedhi inaruka miezi, na matiti yamejaa vifuko vyenye maji.

Vifuko vya maji hupatikana sana kati ya miaka 35 na 50. Wakati huo homoni hazina mpangilio: mwezi huu zinapanda juu sana, ujao zinapotea, na titi linavutwa huku na huku. Vitezi vingine vinasinyaa, vingine vinazibwa na kujaa maji. Ultrasaundi hutofautisha kifuko cha maji na uvimbe mgumu, na kikubwa kinachouma kinaweza kuvutwa kwa sindano. Nenda ukapimwe hata kama jirani yako alikuwa na cha aina hiyo kikawa si kitu.

Nimeshakoma hedhi. Sasa titi langu halina kazi, kwa nini niendelee kuliangalia?

Umekoma hedhi ukitimiza miezi 12 mfululizo bila damu, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55. Tezi husinyaa, mafuta huchukua nafasi yake, na titi huwa laini na jepesi. Msimu wa kila mwezi umekwisha, kwa hiyo hakuna tena kinundu cha kupita njia. Kinundu kipya kwa bibi wa miaka sitini ni cha kuchunguzwa wiki hiyo hiyo, kwa kuwa umri wenyewe unaongeza uwezekano wa saratani. Kuna jambo jema pia: titi la mafuta huonekana vizuri zaidi kwenye mamogramu, ile picha ya eksirei ya titi, kuliko la ujanani.

Kuweka hela na simu kwenye sidiria kunaleta kansa?

Hakuna ushahidi wa hilo, wala sidiria yenyewe haileti. Wauza dagaa wangu, wekeni hela zenu kwa amani.

Na kunyonyesha kunazuia kansa?

Kunapunguza, hakuzuii kabisa. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza uwezekano wa saratani ya matiti kwa asilimia 4.3, juu ya kinga inayoletwa na kuzaa kwenyewe. Mama wa watoto wanne aliyenyonyesha wote amejikinga kiasi kikubwa, na bado anaweza kuugua. Shangazi yangu alinyonyesha sita.

Dalili ipi nisisubiri hata wiki?

Kinundu kigumu kisichotembea, hasa kisichouma. Ngozi iliyobonyea au kuwa na vitundu kama ganda la chungwa. Chuchu iliyokuwa nje ikaingia ndani. Damu inayotoka yenyewe upande mmoja. Kidonda cha chuchu kisichopona. Mtoki mgumu kwapani.

Shangazi alikuwa na viwili kati ya hivyo na alivifunika kwa khanga zaidi ya mwaka. Alisema kisichouma si ugonjwa. Alipokwenda kituo kimoja cha afya mara ya kwanza alipewa vidonge vya maumivu bila kuvuliwa hata blauzi, akaona basi si kitu. Nilipolishika titi lile mimi mwenyewe, mkono wangu ulijua kabla ya kichwa. Hapa Tanzania saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi wao wanafika hospitali ikiwa imeshasambaa. Iliyowahiwa inatibika. Kwa hiyo ukipewa vidonge bila kupapaswa, mwambie aliyekuhudumia, kwa heshima: "Naomba unipime titi." Una haki hiyo.

Nikienda watanifanya nini?

Zahanati au kituo cha afya watakuuliza, watakuangalia na kukupapasa. Wakiona haja watakuandikia rufaa kwenda Maweni, hospitali ya mkoa, kwa ultrasaundi, na nyama kidogo inaweza kuchukuliwa kwa sindano ikapimwe. Kuchukua nyama hakusambazi saratani. Huo uvumi umewaua wengi. Wanaohitaji matibabu makubwa zaidi hupelekwa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam.

Njoo na tarehe ya hedhi yako ya mwisho, majina ya dawa unazotumia, na habari za mama, dada au shangazi aliyewahi kuugua titi. Ukitaka kupimwa na mwanamke, sema, tutakupangia. Vaa blauzi na khanga badala ya gauni, ni rahisi zaidi. Na usingoje ufike mlangoni ndipo useme. Anza na hilo.